Bafle Chini ya Dirisha

Chekeni tu, haya yangu muji wa Kasongo muzima wanaijua. Mwanzo ni butiki ya Mama Asha, mwenye kukodisha vyombo vya muziki pale sokoni, nilipokwenda kutafuta ampli. Baba ya Zaina, muchumba wangu, alikuwa anakuja toka Kabambare kutibiwa macho, akasema basi tusikilizane hapohapo kwangu juu ya mbuzi za mahari, na mimi nikataka wakute muziki. Mama Asha aliniuliza swali moja: "Saloni yako iko kubwa?" Ningesema kweli! Nikajibu: "Mama, ukiita mutu wa upande wa pili, anachelewa kusikia." (Saloni yangu mukikaa watu wane, magoti yanasalimiana.) Akanipa ampli ya kuchezesha harusi, bafle mbili, spika zinanifika kifuani, metre makumi tatu ya fili, waya ya kuziunganisha, na mikro ya kusemea akaniongezea bure.

Siku yenyewe viti viliingia, bafle zikakataa. Si neno, fili iko mingi: nikaipitisha dirishani, nikasimamisha bafle inje, nikajaribu mikro "alo, alo", nikaiacha mezani chini ya kitambaa. Kuizima? Nani alikumbuka!

Wageni wakafika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, tukakula, tukataja mbuzi tano. Muzee akasema, "Mutupe nafasi kidogo," wakatoka kushauriana, vile desturi inataka, wakasimama kwenye kivuli cha dirisha. Sasa mimi nikamuinamia mujomba wangu: "Wakikubali, yule mbuzi mwenye kukohoa tumuweke katikati ya wengine. Muzee hataona."

"Na akikohoa?"

"Tunasema ni vumbi ya Kabambare!"

Nikasikia kule inje sauti kama yangu, nikazani mwangwi (mujinga mimi!), kisha wamama wa jirani wakacheka mpaka wakapiga makofi, nikafurahi, nikasema ona, mtaa wote unatupenda.

Wageni wakarudi. Zaina, aliyekuja na baba yake, alisimama mulangoni ameinama, mabega yanatikisika, sijui analia, sijui anacheka, na mimi nikainua kitambaa, nikaona mikro ingali inawaka, nikajua muke ameniponyoka. Muzee akafuta miwani polepole.

"Mwanangu, tano tumekubali. Yule mugonjwa umukule wewe. Na hao tano nitawasikiliza kifua, mumoja mumoja."

Aliniozesha, namushukuru Mungu. Lakini mpaka leo, bamukwe, baba ya Zaina, akitoka inje, hata kwenda kutema mate tu, mimi nafunga kinywa mpaka arudi akae.