Kumnywesha Mtu Kando ya Mto

Mafuta ya mkia wa kondoo yakipashwa moto hutoa harufu nzito inayokaa puani siku nzima. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, aliyayeyusha kwenye kibati juu ya makaa, akatukalisha mimi na Dekow kwenye mkeka, akatupaka nyayo na magoti, mguu wangu mmoja kisha wa Dekow mmoja, asije mtu akasema mwenzake amependelewa. Ilikuwa asubuhi ya mbio. Nyayo zetu zilikuwa ngumu kama kwato na hazikuhitaji mafuta yoyote, lakini hooyo aliamini kwamba ngozi laini hukimbia vizuri zaidi, na nyumbani kwetu hakuna aliyebishana na hooyo kabla ya chai. Dekow alikuwa mtoto wa kaka yake baba. Mama yake alifariki Dekow akiwa bado mchanga, akaletwa kwetu, hooyo akatunyonyesha pamoja. Kwa hiyo alikuwa binamu yangu kwa damu na ndugu yangu kwa maziwa, na mpaka siku ile sikuwahi kufikiria kwamba kuna jambo ambalo yeye angelijua nami nisilijue.

Garissa ya mwanzo wa miaka ya hamsini ilikuwa mji kwa jina tu. Palikuwa na ofisi ya DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na bendera yake, kambi ya askari, msikiti, maduka machache ya mabati, na mto Tana uliopita ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Sisi tuliishi pembezoni, nusu ya mwaka karibu na mto na nusu ya mwaka porini na ngamia. Tangazo lilitolewa sokoni: wavulana ambao hawajaota ndevu watashindana mbio ndefu, kutoka kwenye bendera hadi kwenye pipa lililopakwa chokaa huko porini na kurudi, na mshindi atapandishwa lori hadi Nairobi kukimbia katika barabara za jiji pamoja na wavulana wa wilaya nyingine. Mshindi mmoja tu. Nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu, na sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka ile Nairobi. Dereva mmoja wa lori alikuwa ametusimulia kwamba kule barabara hazina mwiba hata mmoja, na watu husimama pande zote mbili wakimpigia makofi mtu anayekimbia. Kwetu sisi, mtu anayekimbia amepotelewa na mnyama au anafukuzwa na kitu. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Nililala na makofi hayo masikioni kwa siku nyingi.

Askari mmoja mnene kutoka bara ndiye aliyetukagua. Alipita kwenye mstari akitupapasa videvu kama mtu anayechagua maembe, na aliyekutwa na vinywele viwili vitatu alitolewa nje hata kama analia. Kwangu alisita kwa sababu nilikuwa mrefu. Baba alisogea mbele, akatumia Kiswahili chake chote. “Afande, hii kijana yangu bado mtoto. Angalia kidefu yake, iko safi kabisa.” Askari akacheka, akanipitisha. Halafu akaona kibuyu kidogo cha maji nilichojifunga kiunoni, akaniuliza kama nakwenda mbio au nakwenda Hija. Wavulana wote wakaangua kicheko, Dekow akiwa wa kwanza. Sikukivua. Mtu wa kwetu hatoki nyumbani bila maji, na mimi nilikuwa mtoto anayefanya mambo kama alivyofundishwa.

Niseme hapa nilivyofundishwa, kwa sababu yote yanatoka hapo. Safarini na ngamia, baba alikuwa na maneno machache, lakini hili alilirudia kila kiangazi. Ukimkuta mtu amekaa chini kwa kiu, huna ruhusa ya kumpita. Awe jamaa, awe mgeni, awe mtu wa ukoo uliomwaga damu yenu, unasimama. Humuulizi kitu, maana kumuuliza mtu ambaye ulimi wake umekauka ni kumtesa. Unamlowesha midomo kwanza, kisha unampa kidogo kidogo, na maji yako yakiisha, yameisha kwa haki. Aliyempita mwenye kiu ameua, hata kama hakuinua mkono. Baba aliyasema haya bila kupandisha sauti, akiendelea kufunga mizigo, kwa namna mtu anavyotaja mambo yasiyohitaji kujadiliwa. Dekow alikuwa amekaa ubavuni mwangu kila aliposema. Alisikia kila neno.

Tuliondoka kwenye bendera zaidi ya thelathini. Kabla jua halijapanda vizuri wale watoto wa mjini walishaanza kushika mbavu, na tulipofika kwenye lile pipa tulikuwa wanne tu mbele. Askari aliyekaa pale kivulini alitufunga kila mmoja uzi wa katani mkononi, uwe ushahidi kwamba tumefika. Dekow alikuwa na kasi kuliko mimi, hilo sikatai. Mimi nilikuwa na pumzi. Wakati wa kurudi nilimwona akiwa mbele yangu, mabega yakianza kuyumba, nami nikajua kwa uhakika kabisa kwamba nitampita kabla ya maduka. Wala sikuwa na haraka. Mchanga ulikuwa umeshapata moto, jasho lilikuwa likikauka mgongoni na kuacha chumvi, na tulikuwa tumeshafika ile miti ya kando ya mto ambapo mabati ya ofisi huonekana yaking'aa. Nilisikia watu wakipiga kelele kwa mbali. Nilikuwa nimebakiza hatua kama ishirini kumfikia Dekow alipokaa chini.

Hakuanguka. Alikaa, kama mtu anavyokaa kwa kiu, polepole, mikono ikitangulia, kisha akaingiza kichwa kati ya magoti. Nilisimama. Watu wameniuliza miaka hii yote nilifikiria nini, na jibu ni kwamba sikufikiria chochote, miguu ilisimama yenyewe. Nilipiga magoti, nikafungua kibuyu, nikamlowesha midomo kwa vidole vyangu kama nilivyofundishwa. Sikumuuliza kitu. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, akanywa tena, maji yaliyobaki akajimwagia kichwani, akaniwekea kibuyu kitupu mapajani. Halafu akainuka na kukimbia. Na mimi, jamani, nilifurahi! Nilidhani nimemwokoa. Nilikimbia nyuma yake nikimwambia asiende kwa kasi, apumzike, asije akaanguka tena. Mtoto wa mwenye duka, mmoja wa wale wanne, alinipita wakati naokota kibuyu, sikumjali. Tulipoingia kati ya watu ndipo Dekow alipogeuka kunitazama, meno yote nje, na nikaona kwamba hana kiu wala hakuwahi kuwa nayo.

DC alimshika mkono. Mimi niliyemaliza wa tatu nilipewa kipande cha sabuni. Nilimfuata Dekow nyuma ya maduka, nikiwa bado nahema, nikamwambia, “Ulikaa chini.”

“Nilikaa, ndiyo.”

“Ulikaa kama mtu mwenye kiu.”

“Ina-adeer,” aliniambia, ndilo neno letu la mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo, na alilisema kwa upole kabisa, “nani alikwambia usimame? Mto si huo hapo? Mtu atakufaje kwa kiu na mto anauona?”

 Nilitaka kumpiga, lakini swali lake lilinizuia kwa sababu lilikuwa na akili. Mto ulikuwa pale. Ningeutazama, ningemcheka na kupita, na leo ningekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Nilijipa moyo kwamba baba atakaposikia, Dekow ataona cha mtema kuni. Kwa saa chache za mchana ule hata nilimhurumia, nikiwaza jinsi atakavyoaibishwa mbele ya wanaume.

Alasiri baada ya sala wanaume walikusanyika kunywa chai kwenye kibanda karibu na soko la mifugo, na Dekow alikuwa ameketi katikati yao, mtoto kati ya watu wazima, akisimulia mwenyewe. Alianza na askari na videvu. Alipofika kwenye kibuyu aliinuka akaonyesha jinsi alivyokaa, jinsi nilivyopiga magoti, jinsi nilivyomlowesha midomo kwa vidole. Watu walivunjika mbavu. Mmoja alipaliwa na chai. Nilimtazama baba, nikingoja. Baba alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, “Amemnywesha mtu kando ya mto!” Na kibanda kizima kikalipuka upya.

“Aabo,” nilimwambia baba, “si wewe uliyenifundisha?”

Alinitazama akiwa bado na kicheko usoni. Kwetu baba humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye, na mama vivyo hivyo. “Nilikufundisha ya porini, aabo,” alisema. “Hii ilikuwa michezo ya Wazungu. Mwenzako ametumia akili.” Kisha akamgeukia Dekow, akamsogezea bilauri yake ya chai ili amalizie.

Hooyo hakucheka, lakini siku mbili baadaye alimfungia Dekow nyama ya kukaanga ndani ya samli kwa ajili ya safari, na asubuhi lori lilipokuwa likiunguruma alikaa chini akampaka nyayo. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Nilikuwa na hasira na Dekow, lakini hasira ile ilikuwa nyepesi, ningeweza kuimaliza kwa ngumi. Waliyonifanyia baba na hooyo sikuwa na pa kuyapeleka. Nilijiona kama mtu aliyepewa kisu na wazazi wake, akaambiwa kinakata, kisha akagundua kwamba katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyeamini.

Dekow alirudi na viatu vya raba na habari nyingi. Barabara za Nairobi zilikuwa ngumu kama jiwe, makofi yalikuwepo kweli, na wavulana wa milimani walikimbia kama waliotumwa. Alimaliza wa ngapi, hakuwahi kusema. Mimi mjini nilikuwa na jina jipya, Mnyweshaji, na hata watoto wadogo walikuwa wakikaa chini njiani nikipita, ulimi nje, wakingoja nipige magoti. Nilijifunza kuwaruka.

Kiangazi kilichofuata tulihama na ngamia mbali na mto, na siku moja nilitangulia na mbuzi peke yangu. Chini ya mgunga nilimwona mwanamke amekaa, kichwa kati ya magoti. Nilisimama mbali. Nilimtazama mabega, nikatazama kama mikono yake inatetemeka kweli, nikangoja ainuke ageuke na kucheka. Mbuzi wote walinipita wakaingia vichakani na mimi nimesimama vile vile. Alipoinua uso ndipo nilipomwendea. Alikunywa nusu ya maji yangu, taratibu, kisha akaniuliza, “Ulikuwa ukitazama nini pale, hooyo?” Nilimwambia nilikuwa nahesabu mbuzi.

Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Baba amezikwa, na Dekow amekuwa mzee wa Nairobi mwenye sukari na wajukuu, na akija kututembelea bado huinuka kuonyesha jinsi alivyokaa siku ile, nami hucheka pamoja na wengine. Garissa ina lami, ina daraja, na siku za mbio vijana hukimbia mjini wakiwa na namba vifuani, meza za maji kila baada ya mwendo mfupi, na gari la wagonjwa likiwafuata nyuma. Anayekaa chini huokotwa na watu wenye fulana maalumu. Wenzake wanampita, na hakuna anayewalaumu, wala mimi siwalaumu. Imekuwa rahisi sana kupita.

Mwaka juzi mwanangu mkubwa alikuwa akiniendesha kwa gari kutoka mji wa Masalani. Ilikuwa saa nane mchana, joto lile la kupasua mawe, na mbele yetu kando ya barabara tulimwona mtu amekaa chini, mikono ardhini, kichwa kimeinama. Mwanangu alipunguza mwendo, akanitazama. Siku hizi mtu ana sababu nyingi za kutosimama barabarani, na zote ni za kweli, lakini hakuna hata moja iliyonijia kichwani. Nilichokiona ni meno ya Dekow.

“Twende,” nilimwambia. “Anajifanya.”

Akaongeza mwendo. Nilimtazama mtu yule kwenye kioo cha pembeni mpaka akawa doa, na hakuinuka. Nilingoja mwanangu aniulize, anibishie, aniambie kwamba hairuhusiwi. Alifungua redio, akaanza kutafuta habari za saa nane. Angejuaje? Baba yangu alinifundisha kisha akanicheka, na mimi sikutaka kumfanyia mwanangu hivyo, kwa hiyo sikumfundisha kabisa.