Konseto Mbili na Kurasa Nilizogeuza Mapema

Siwezi kusoma noti za mistari. Nimelikana jambo hili tangu chuo kikuu, mbele ya wachungaji wawili, fundi wa kinanda na mume wangu. Ninachosoma ni sol-fa, zile do re mi za kwaya nilizofundishwa nikiwa msichana. Mengine napiga kwa kusikia, huku nimefungua kitabu mbele yangu kwa heshima.

Mwaka huu mwalimu wa kwaya moja ya Ruangwa aliniomba nijifunze konseto, yaani piano ikitangulia na okestra ikiifuata. Okestra hatuna. Kwaya yake ingeimba sehemu ya okestra kwa sauti nne, nami nipige kinanda mbele ya kanisa zima. Konseto yenyewe nichague mimi.

Nilichapisha mbili kwenye steshenari hapa Nachingwea. Ugumu niliupima kwa weusi wa ukurasa. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, yenye nafasi za kupumulia, lakini nilipoisikiliza kwenye simu ilinikumbusha chai iliyosahaulika mezani. Ya pili ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Sehemu yake ya katikati, ile ya polepole, iliniacha nimesimama jikoni na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua.

Mwalimu akaja kunisikiliza. Nikampigia vipande vya zote mbili, vile nilivyovidaka kwa sikio, mkono wa kushoto ukibahatisha, nikigeuza kurasa kwa madaha.

"Unageuza mapema, dada," akasema.

"Huwa natazama mbele."

"Mbele sana." Akanywa maji, akatabasamu. "Wewe chagua unayoipenda."

Wiki nzima nililichambua lile tabasamu. Alitaka nichague nyeusi niaibike Ruangwa? Au nichague nyeupe, akawaambie wenzake kuwa msomi wa chuo kikuu ameogopa? Akinitumia salamu, nazichunguza. Siku aliyouliza kama nakala zangu "zinasomeka vizuri", usingizi wangu wa mchana uliishia hapo. Nikaamua: nyeupe. Hiyo ningeweza kuidanganya mpaka mwisho.

Kabla sijamwambia, akapiga simu.

"Dada, nimewasikilizisha wanakwaya konseto zote mbili. Ile nyepesi wameikataa. Waimbaji wa sauti ya tatu wanasema inawalaza. Wameshaanza ile ngumu, sehemu ya polepole. Wanaiimba wakibangua korosho."

"Wanajifunza kwa noti zipi?"

"Sol-fa. Nimewaandikia kwenye karatasi za manila." Akakohoa. "Nikaona nikuandikie na wewe ya piano. Kama hutajali."

Nyuma yake nilisikia watu wakiburuta mabenchi. Nilikuwa na jibu la kisomi tayari, nikaliacha.

"Na mkono wa kushoto?" nikauliza.

"Huo ndio nilioanza nao."