Mwadhini na Mdudu wa Bomba

Baba mdogo Abdulswamadu alikuwa akisema sauti yake alipewa na nguruwe. Alisema hivyo kwa kucheka, zamani, kabla neno lenyewe halijamgeuka.

Alizaliwa milimani, Umatumbi, akateremshwa bondeni angali mtoto, na kazi yake ya kwanza ikawa kulinda mpunga. Walinzi wa mpunga hukaa dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, wakigonga madebe ili nguruwe na wanyama wengine wasiingie. Kwao debe lilikuwa moja, na lilikuwa la maji. Basi yeye akatumia koo. Alipiga ukelele hata wanyama wa mashamba ya jirani wakakimbia, na majirani wakawa wanalala.

Nguruwe mwenyewe kwetu hatajwi jina mpunga ukiwa shambani. Tunasema mdudu. Mdudu kaingia kwa fulani, mdudu kala muhogo. Wazee wanasema ukimtaja atasikia, na akisikia atakuja. Wapo wanaocheka, lakini hata hao wanaocheka hawamtaji.

Koo lile la dunguni ndilo lililopanda msikitini. Msikiti wetu wa Nyamwage haukuwa na kipaza sauti wakati huo. Alisimama kwenye ngazi, akaelekea kibla, akaziba masikio kwa vidole, akaita, na madereva wa malori ya Lindi walipunguza mwendo barabarani. Mke wake, mama mdogo Mwanahalima, alinisimulia kwamba alipoletewa posa aliuliza swali moja tu, ni yule wa alfajiri? Walipomjibu ndiye, akakubali bila kumwona.

Mimi nililelewa kwao tangu nilipoacha shule darasa la nne. Nyumba ilikuwa ubavuni mwa msikiti, ua wa makuti katikati. Nilichokiona nilikionea hapo.

Miaka ile vitu vilikuwa vinakuja kwa fujo. Mitumba, redio za Kichina, wanunuzi wa korosho wasiojulikana wametoka wapi, simu za mfukoni ambazo ili zishike mtandao lazima upande kichuguu. Na bomba la gesi likaja, likazikwa chini ya mashamba, likaelekea Dar es Salaam. Baba mdogo alichimba mtaro na wenzake. Ulipofukiwa, wakamchukua kuwa mlinzi wa kituo, pale bomba linapochomoza juu ya ardhi ndani ya uzio, nje kidogo ya kijiji. Aliipenda kazi ile kwa sababu ilimruhusu kurudi kuadhini.

Siku moja kampuni ikaitisha mkutano uwanja wa shule. Injinia Haruni, kijana wa Dar, mpole, alitueleza kwamba roboti itapitishwa bombani. Watu wakauliza roboti ni mtu gani. Akasema ni mashine inayofanya kazi bila kushikwa mkono. Huko nje siku hizi zinaunga magari, zinashuka chini ya bahari pasipofika mzamiaji, daktari anapasua mgonjwa kwa mikono ya chuma, na nyingine imepelekwa Mirihi, inakwangua mawe peke yake. Hii yetu itaingizwa bombani upande wa pwani, itasukumwa na gesi yenyewe, itasugua uchafu na kupapasa kila mahali palipoanza kutu, halafu itatoka na habari ya yote iliyoyagusa. Watu walifurahi. Mtu mmoja aliuliza kama haiwezi kupapasa na mifereji ya mpunga.

Bi Sikujua, bibi wa mtaa wetu, akauliza inaitwaje. Haruni akasema jina lake la kizungu tu, halina maana. Bibi hakuridhika, akamgeukia baba mdogo.

"Swamadu, wewe tunafunga na kufungua kwa sauti yako. Kinaitwaje?"

Angeweza kusema hajui. Lakini mwadhini ni mtu wa kuaminiwa, akisema jua limezama watu wanatia tende mdomoni bila kutazama mbingu, na yeye aliishi hivyo hata nje ya msikiti.

"Wenyewe wanakiita nguruwe, bibi. Jina tu. Ni chuma."

Vijana waliangua kicheko. Wazee hawakucheka. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua, na Bi Sikujua akasema taratibu, "Umemtaja. Haya, tumsubiri."

Kesho yake pale kwenye kahawa walimuuliza mnyama wake anakula pumba au mashudu. Wale vijana wanaokwenda na kurudi Dar wakamwita Mzee Kitimoto, kama nyama ya nguruwe inavyoitwa huko, na watoto wakajifunza kukoroma akipita. Hayo aliyachukua kama utani. Kisha ikaja Maulidi. Mama mdogo alipeleka sufuria la pilau kama kila mwaka. Lilirudi jioni na kifuniko chake, kitambaa kikiwa kimefungwa kwa fundo lilelile alilolifunga yeye. Alilifungua jikoni, akapakua, akatuambia tule. Tukala.

Msikitini nako watu walianza kuchelewa. Akiita, wanabaki nje wakizungusha maneno mpaka Maalim Zaidi, imamu wetu, atoke kuwaita mwenyewe. Maalim alikuja nyumbani, akakaa mkekani, akasema anajua vizuri kwamba jina halitii kitu najisi, lakini safu inakatika na yeye ndiye atakayeulizwa. Akamwomba apumzike kidogo watu wapoe. Baba mdogo akaomba jambo moja kwanza. Waende wakaione mashine ikitoka bombani, wote, walioijua kwa jina tu.

Haruni alikubali. Siku hiyo kijiji kizima kilisimama kwenye uzio wa kituo. Tulisubiri hadi nyasi zikatuchoma miguu. Kisha tukaisikia. Ilikuwa inakuja chini ya ardhi, chini ya miguu yetu, na ilikuwa inalia. Haruni alisema ni mpira unasuguana na chuma, ndiyo maana hata wazungu wakaipa jina hilo. Nadhani alidhani anasaidia. Akina mama walikuwa wamekwisha kurudi nyuma.

Ikatolewa. Ilikuwa ndefu, pua yake butu, mwili mzima brashi za waya zimesimama kama manyoya, na unga mweusi ukidondoka. Harufu yake sijui niifananishe na nini. Haruni aliifurahia kama mtu aliyempokea mgeni wake, akawa anatuonyesha mahali inapotunzia habari.

Baba mdogo akaisogelea. Akaupitisha mkono katikati ya brashi, akaigonga kwa vifundo vya vidole, ikalia ngo, ngo.

"Chuma," alisema. "Mnasikia wenyewe. Chuma."

Akatuinulia mkono. Watu hawakusikia mlio. Waliutazama mkono, mweusi mpaka kwenye kiwiko.

"Vidole hivyo ndivyo anavyozibia masikio," Bi Sikujua alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehurumia.

Maalim Zaidi akamvuta pembeni, akamnong'oneza. Alimshauri aoshe mkono kwa ule utaratibu unaojulikana wa najisi ya mnyama yule, mara saba, mara moja kwa udongo, na aoshe mbele ya watu, mioyo itulie. Baba mdogo alimtazama sana. Halafu akatii. Akachutama kwenye bomba la maji la msikiti, watu wamemzunguka, akachota udongo, akasugua, akamimina, akasugua tena. Alipomaliza, mkono ulikuwa mweupe kwenye mikunjo.

Hapo ndipo palipomwishia, hakupanda ngazi tena. Kabla ya alasiri neno lilikuwa limefika mpaka Ikwiriri: kama ni chuma, mbona kaosha mkono mara saba? Nani anagusa chuma akaosha mara saba?

Aliacha kazi ya kituo. Haruni alikuja kumsihi, akarudi peke yake. Baba mdogo alidhani akiwa hana kituo watamrudishia ngazi yake, lakini msikitini walikuwa wanabishana nani aadhini. Waliotaka kijana huyu walikataliwa na waliotaka yule. Ndipo mtoto mmoja wa kijiji, mfanyabiashara Kariakoo, akaleta saa ya adhana. Saa ya kijani yenye umbo la msikiti, minara miwili ya plastiki, imetengenezwa China. Unaiwekea mji wako, inajipangia nyakati zote, ikifika wakati inaita yenyewe, bila kushikwa mkono. Maalim akaitundika mbele ya kipaza sauti kipya, akasema sasa hakuna wa kugombana naye. Watu wakaisifu. Hakuna aliyeuliza inaitwaje.

Baba mdogo akawa anaswali safu ya nyuma. Saa ikiita, nilimwona uani midomo yake ikiifuata, bila sauti, na mara nyingine akimaliza kabla yake, kwa sababu yeye alitazama kivuli cha mnazi na yenyewe ilitazama sijui nini.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Jioni moja, watu wamejipanga barazani mwa msikiti na futari zao, tende mkononi, saa ikaanza kuita. Neno la kwanza likatoka zima, la pili likavutika, likanenepa, likafa. Kimya. Jua lilikuwa limezama, kila mwenye macho aliona, lakini hakuna aliyetia kitu mdomoni. Kupitia ua wa makuti niliwaona wakigeuza vichwa, mmoja mmoja, kumtazama baba mdogo.

"Swamadu," Maalim Zaidi alisema. "Watu wana njaa. Ita."

Alisimama. Mama mdogo, pembeni yangu, akaweka kikombe chini, akajitanda kanga vizuri, kama vile mgeni anakuja. Lakini baba mdogo hakwenda kwenye ngazi. Alipita uani, akaingia ndani, akachukua tochi yake msumarini, akaanza kuifungua kitako.

"Baba Zawadi," mama mdogo alimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Kibiti. "Wamekuita wewe."

"Nimesikia."

"Basi nenda kaite."

"Nikiita mimi, wapo watakaobaki na tende mkononi," alisema. "Wana watoto wadogo pale."

Akatoa betri za tochi, akazipangusa kwa kanzu, akatoka nazo. Tukasikia kiti kikivutwa. Tukasikia saa ikianza upya, sauti yake kubwa, safi, ya mtu tusiyemjua wa nchi tusiyoijua, na barazani vikombe vikaanza kugongana.

Alirudi, akakaa mkekani. Mimi nilikuwa nimekwisha kula tende. Mama mdogo hakuwa amegusa kitu. Uji wake ulikuwa umeanza kutanda ngozi juu.

"Imeita," alimwambia.

"Sijasikia," mama mdogo akajibu.

Akamtazama. Kisha akaelekea kibla hapohapo alipokaa, akaziba masikio kwa vidole, akaadhini kwa sauti ya chini kabisa, isivuke ua, mpaka neno la mwisho. Mama mdogo akamsubiri amalize, ndipo akanywa uji.