Sikuzani na Mgongo wa Farasi

Mapagazi waliotoka bara na shingo zilizokakamaa kwa kubeba pembe waliuliza nyumba ya Sikuzani hata kabla ya kuuliza pa kulala. Alikuwa mjane wa makamo, Mkwere kwa baba, mwenye kibanda upande wa Magomeni, pale Bagamoyo. Kazi yake ilikuwa kuchua. Hakuandika kombe la kunywesha wagonjwa wala hakufunga hirizi; alikuwa na mafuta ya nazi, vitambaa vya moto na vidole vyake. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba panapouma sipo palipoharibika mara zote, na kwamba mkono wenye haraka huumiza.

Miaka michache kabla Wadachi hawajaushika mji, tajiri mmoja aitwaye Ausi bin Dadi alinunua farasi jike Unguja, mwekundu, akamwita Rihani. Punda walijaa Bagamoyo, lakini farasi walikuwa wa kuhesabu, na watu walitoka majumbani kwenda kumtazama akishushwa. Walichokiona hakikupendeza. Farasi alishtuka kwenye maji ya kina kifupi, akaanguka na kupiga nyonga kwenye ubavu wa mashua. Alifika pwani akiburuta mguu wa nyuma wa kushoto. Baada ya wiki mbili alikuwa bado anauburuta, na ukimwekea seruji, tandiko la kupandia, mgongoni aligeuka kutaka kuuma.

Aliyetumwa kumwita Sikuzani ni Wilbrodi, kijana aliyelelewa misheni, ambaye Ausi alimwajiri kwa kuwa alijua wanyama. Alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akaeleza shida ya bwana wake. Sikuzani alisema yeye huchua watu, farasi hajapata hata kumgusa. Alikwenda hata hivyo, kwa sababu mtu wa kawaida hakukataa wito wa Ausi.

Ausi mwenyewe alikuwa barazani. Alimwambia kwamba mgongo ni mgongo na mfupa ni mfupa, basi aingie bandani.

Siku ya kwanza hakufanya kitu ila kumnusisha farasi mikono yake yenye mafuta, na kupitisha kiganja polepole kutoka shingoni mpaka mkiani. Karibu na nyonga alikuta nyama imekaza kama kamba iliyolowa na kukauka, na ina joto. Alipoigusa, masikio ya Rihani yalilala nyuma na mgongo ukabonyea. Lakini shingo nayo, upande wa pili kabisa, ilikuwa imekaza vilevile. Sikuzani aliifahamu hali ile. Pagazi aliyeumia mguu huuokoa kwa kulemea bega la upande wa pili, na mwishowe bega ndilo linalomleta kwa mchuaji.

Siku ya pili alikanda kwa vitambaa vya moto. Siku ya tatu alifudikiza kinu, akapanda juu yake ili aufikie mgongo vizuri, akamwambia Wilbrodi ashike majani mabichi karibu na ubavu, ili farasi apinde shingo mwenyewe akiyafuata. Rihani alipojipinda, Sikuzani aliweka kitako cha kiganja karibu na nyonga, akasukuma mara moja, kwa kifupi. Akasikia kitu kimeachia chini ya mkono wake. Farasi alisimama kimya. Kisha akainamisha kichwa, akapiga miayo mirefu na kuanza kulamba midomo, na kope zake zikalegea.

Wilbrodi alicheka peke yake kwa furaha. Sikuzani alishuka kwenye kinu, akajifuta mafuta mikononi.

Baada ya siku saba Rihani alitembea sawasawa. Ausi alimpa Sikuzani doti ya leso, akampitisha farasi mbele ya msikiti ili watu waone. Sikuzani alimsihi ampumzishe mwezi mzima, maana nyama iliyoteguka huonekana imepona kabla haijapona. Wilbrodi naye alimkumbusha bwana wake kwamba ng'ambo ya mto kuna mbung'o, inzi wanaoua ng'ombe na punda. Ausi alikuwa na shughuli huko huko ng'ambo, njia ya Msata, na alitaka afike kule akiwa juu ya farasi. Siku ya kumi akaondoka.

Walirudi mwezi wa pili wa safari ukianza. Wilbrodi alikuja tena kwa Sikuzani, na safari hii alisahau kuamkia.

Rihani alikuwa amesimama bandani miguu imeachana, kama mtu anayeogopa kuanguka. Mbavu zilihesabika ingawa alikula mtama wote aliopewa. Chini ya tumbo palivimba, macho yalitoa maji, na akitembea nyonga ziliyumba.

"Ni mgongo umerudi," Ausi alisema. "Uliuweka sawa mara ya kwanza. Uweke tena."

Sikuzani alipitisha kiganja, taratibu, upande huu na upande ule. Alitafuta fundo akalikosa. Hapakuwa na joto la jeraha wala nyama iliyokaza. Mwili wote ulikuwa mlegevu. Mara akamkumbuka mume wake, Mrisho, aliyerudi safari akilalamika kiuno. Alimchua Mrisho siku tisa, naye kila siku alisema amepata nafuu, mpaka macho yakageuka manjano na tumbo likajaa. Ugonjwa ulikuwa ndani tangu mwanzo, na mikono ya mkewe ilikuwa ikibembeleza ngozi tu.

"Bwana, hapa sina pa kushika," alisema. "Ugonjwa huu si wa viungo, huu umo damuni."

Ausi akasema mchuaji asiyetaka kazi ana maneno mengi. Akaamuru achue.

Akachua. Alichua kwa sababu aliamriwa, na kwa sababu Rihani alimwegemezea kichwa begani na pumzi zake zikatulia. Kwa kitambo kile farasi alipata raha. Kesho yake alikuwa amekonda zaidi. Wilbrodi alileta dawa za majani kutoka kwa Wazigua, akaomba ushauri misheni pia, na kote alijibiwa kwamba mnyama akishaumwa na mbung'o hakuna la kufanya. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Rihani alipiga magoti na hakuinuka tena. Sikuzani alimpaka mafuta shingoni mpaka adhuhuri, mnyama alipokata roho.

Barazani Ausi aliwaambia watu kwamba mwanamke yule aliuvuruga uti wa farasi wake. Wengine waliamini. Mapagazi waliendelea kuja, lakini wachache kuliko zamani, na Sikuzani hakuwa na namna ya kujitetea mbele ya tajiri.

Lakini lililomsumbua halikuwa hilo. Alimwambia Wilbrodi, alipokuja kumuaga kabla ya kurudi kulima misheni, "Ningemwacha na kilema chake, asingevuka mto."

Wilbrodi akamwamkia shikamoo, akajitwika mzigo wake akaenda, naye Sikuzani akabaki kizingitini akikunja na kukunjua vidole.