Sauti ya Keringet Niliyoipikia Nakuru

Nichekeni tu, nimestahili. Kazi yangu ni kusoma vitabu vya kusikiliza katika studio moja hapa Nakuru, na nilijiona bingwa wa kila lafudhi ya Bonde la Ufa. Nilipopewa kisa cha nyanya mmoja mkulima wa Keringet, mwenye studio alinishauri niende kwanza nikamsikie akiongea. Nikamdharau. Niende kufanya nini, kuchimba viazi? Lafudhi ya huko nilishaijua kwa wachekeshaji. Nikakaza koo, nikagonga maneno kama mtu anayepasua kuni, kisha nikajipigia makofi.

Jumapili iliyopita mimi na mwenye studio tuliipeleka rekodi kanisani kwa yule nyanya, isikizwe baada ya ibada. Nilikaa mbele na tai yangu nikingoja vicheko. Hakuna aliyecheka. Nyanya mwenyewe akainuka, akaongea polepole, kwa sauti tamu ambayo sikuwa nimejisumbua kuitafuta.

"Pasta, huyu kijana anayesoma ni mgonjwa. Ulimi umemlemea kabisa, na bado amejikaza akamaliza hadithi yangu. Tumwombee."

Kanisa zima likainua mikono. Nami, mjinga wa wajinga, nikafumba macho, na ili nisijulikane kuwa msomaji ni mimi, nikajiombea uponyaji kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya amina, mwenye studio akachukua maikrofoni.

"Asanteni sana. Mgonjwa ndiye huyu wa tai. Boss, kuja usalimie nyanya, na utumie ile sauti yako ya kawaida."