Shule ya Wasiosikia

Ulikuwa mwaka wa 1981, majira ya mvua ndefu, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa na miezi mitatu. Nazitaja tarehe zangu kwa ukamilifu kwa sababu nilichelewa kusoma, na mtu aliyechelewa kusoma hapotezi tarehe hovyo.

Sikukusudia kuyakumbuka haya. Mwezi Februari mwaka huu nilimsindikiza binti yangu hadi shule anayosoma mjukuu wangu, hapa Malaba. Mwalimu wa darasa alitueleza kwa upole kwamba mtoto ni mwerevu, ila akili yake haitulii mahali pamoja. Kwamba hali hiyo inajulikana na ina namna yake ya kusaidiwa. Akatupa fomu. Penye swali kuhusu tatizo la mtoto, binti yangu akaandika neno moja tu: hasikii. Ndugu msomaji, niliinyakua karatasi ile nikaichana vipande vinne mbele ya mwalimu, mimi mjane wa heshima zangu. Walinitazama kama mtu aliyepandwa na wazimu. Nikatoka nje kabla ya kujieleza. Acha nikueleze wewe.

Nililelewa na nyanya yangu, mama mzaa mama, katika boma lililokuwa hatua chache kutoka barabara ya malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Uganda. Asubuhi zetu zilinukia njugu za kukaangwa na moshi wa dizeli. Kazi yangu ilikuwa kupepeta wimbi, kuchagua vijiwe katika dagaa wa omena na kutumwa dukani. Kutumwa ndiko kulikonishinda. Nilitumwa chumvi asubuhi nikarudi jua la saa nane, mikono mitupu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama kumtazama utingo akifunga turubai. Nilizijua aina sita za mafundo ya kamba. Chumvi sikuikumbuka hata kidogo. Nyanya hakuwa mkali kwa asili, lakini alichoka. Kiswahili hakikuwa lugha yake, na neno alilokuwa nalo kwa mtoto wa namna yangu lilikuwa lile lililotumiwa na kila mtu: huyu hasikii.

Januari ya mwaka ule nilianza darasa la kwanza. Mwalimu aliandika, mimi nikatazama nyigu akijenga kwenye pembe ya dirisha. Nilichapwa viganja, nikachapwa miguu, nikapigishwa magoti juu ya kokoto mpaka zikaacha mashimo kwenye ngozi. Mwalimu alipenda kusema mbele ya wenzangu kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nao wakaniita Sikio la Kufa hadi njiani. Mwezi Aprili mwalimu mkuu alimwambia nyanya anirudishe nyumbani, kwani nilikuwa nakalia nafasi bure.

Jirani yetu, mwanamke aliyeuza ndizi mjini Busia, ndiye aliyeleta habari njema. Alisema amesikia kwamba mjini kuna shule ya serikali ya watoto wasiosikia, tena wanalala huko huko na kulishwa. Nyanya aliinua mikono juu. Kwa miaka yote alikuwa akijiuliza ni lini serikali itawakumbuka watu wenye watoto kama mimi.

Jumatatu, tarehe 4 Mei, tuliketi kwenye benchi la ofisi moja ya elimu. Kando yetu walikuwa mama mmoja wa Sio Port, bandari ya ziwani, na binti yake wa umri wangu, nguo zao zikinukia samaki wa kuanikwa. Sisi tulitangulia kuitwa. Karani aliuliza shida ya mtoto.

"Hasikii," nyanya akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu azaliwe."

"Na dawa mmejaribu?"

"Dawa yake ni kiboko, na hiyo pia imeshindwa."

Karani alicheka, akidhani ni mzaha. Hata hivyo alifuata utaratibu: alisimama nyuma yangu akaangusha kifuniko cha sufuria juu ya saruji. Nyanya aliruka. Mimi sikugeuka. Kupitia dirishani nilimwona fundi baiskeli akitafuta tundu la pancha ndani ya karai la maji, na mapovu yalikuwa yameanza kupanda. Sikukisikia kifuniko kile, na hadi leo siwezi kukumbuka mlio wake. Karani aliandika, akapiga muhuri, akasema nina bahati kwa kuwa kitanda kilichobaki ni kimoja.

Nyanya aliniaga langoni mwa shule kwa onyo moja tu: huko nifunge mdomo, nisimwaibishe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitii.

Nilitarajia mahali pa kimya. Loo, sijapata kuishi penye kelele kuliko pale. Viti vilikwaruza sakafu, watoto walicheka kwa sauti za ajabu, na aliyetaka kumwita mwenzake alipiga mguu chini ili mbao za sakafu zimtikise. Wakati wa chakula ulitangazwa kwa kitambaa chekundu kilichopeperushwa mlangoni. Waliongea kwa mikono, na hakuna aliyetamka neno lililoeleweka. Nilishikwa na hofu kuu. Nilijua sisi sote ni watukutu, basi nikaamini kwamba kunyimwa maneno ndiyo adhabu yetu, na kwamba hawa wenzangu walikuwa wameadhibiwa muda mrefu sana.

Lakini mwalimu wetu hakuwa na kiboko. Tulikuwa wanane darasani, na hakuanza kufundisha mpaka ameyapata macho ya kila mmoja, jozi kwa jozi. Aligusa bega, akainama, akangoja. Alituwekea unyoya wa kuku kiganjani tuone pumzi ya herufi P ikiupeperusha. Alitushikisha koo lake tuhisi M inavyonguruma. Mimi niliyeitwa Sikio la Kufa sikupata nafasi ya kupotea, kwa kuwa kila nilipotangatanga nilikuta uso wake mbele yangu, unangoja bila hasira. Kabla ya mwezi Juni kwisha nilikuwa nasoma. Mwalimu aliwaonyesha wageni jinsi nilivyotamka herufi, akasema hajapata kuona kiziwi mwenye ulimi mwepesi namna ile.

Jumatano, tarehe mosi Julai, baada ya chakula cha mchana, tulikuwa tukinakili maneno naye akisahihisha madaftari. Alikuwa na mazoea ya kuimba akifanya kazi, maana aliamini yu peke yake. Siku hiyo aliimba wimbo wa Kiteso wa kubembeleza mtoto, ule ule wa nyanya. Alipofika mwisho wa ubeti wa kwanza akanyamaza kutafuta kosa daftarini, nami, macho yakiwa kwenye kazi yangu, nikauendeleza ubeti wa pili.

Kalamu yake ilianguka. Alikuja nyuma yangu akalitaja jina langu kwa mnong'ono. Nikaitika. Aliketi sakafuni pale pale, na gauni lake jeupe.

"Umekuwa ukisikia siku zote hizi?" aliniuliza kwa Kiteso.

"Ndiyo, mwalimu," nikamjibu. "Nyanya ndiye anasema sisikii."

Nyanya aliitwa Jumatatu iliyofuata. Alikuja na kuku wa shukrani amefungwa miguu, kwa kuwa habari za kusoma kwangu zilikuwa zimemfikia.

"Mama, mtoto huyu anasikia," mwalimu alimwambia.

"Huyu? Mwalimu, mimi ndio namjua. Mtume chumvi uone."

"Mimi nimeimba, na yeye akaimba."

"Kuimba anajua. Kusikia ndio hajui."

Mwalimu alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Alifungua rejista akaonyesha kwa kidole mstari uliokuwa chini ya wangu. Alieleza polepole, kwa Kiteso, kwamba neno moja limemaanisha mambo mawili. Kwamba shule hii ni ya watoto ambao masikio yao yamekufa. Na kwamba yule binti wa Sio Port, aliyekuwa nasi kwenye benchi, alirudishwa nyumbani siku ile kwa kukosa kitanda.  Nyanya alivua leso kichwani akajifunika uso, na kutoka ndani yake nikamsikia akisema, "Nimemlaza wangu juu ya kitanda cha mtoto wa watu."

Nilisema nitalala sakafuni. Nilisema nitakula mabaki. Mwalimu alikwenda mwenyewe hadi ofisi ile ya elimu kuniombea nibaki hata bila kitanda, akarudi amekaza midomo.

Leo mahali pale pana maduka ya vifaa vya ujenzi. Sakafu ya mbao imekwenda, mwalimu amekwenda, nyanya amekwenda, na ishara za mikono nilizozijua zimenitoka zote, isipokuwa ile ya uji. Shule yetu ya kijijini ilikataa kunipokea tena. Nilirudi darasani nikiwa mke wa mtu, na marehemu mume wangu ndiye aliyenivusha hadi kidato cha nne, akinikalisha mezani kila jioni na kungoja nimtazame ndipo aseme. Sikuwahi kumwambia ni nani aliyenifunza kufundishwa hivyo.

Shauri lenyewe lilikatwa Ijumaa, tarehe 24 Julai 1981. Binti wa Sio Port alifika na mama yake, akaketi kitandani akakibonyeza kwa viganja viwili, akajaribu kama kitamkubali. Nyanya aliwapa yule kuku wa shukrani, ambaye mara ya kwanza alirudi naye nyumbani. Katika ofisi ya mwalimu mkuu aliwekewa karatasi, akatia kidole gumba bila kuuliza imeandikwa nini, kwani hakujua kusoma, na hakuna mkubwa aliyekumbuka kwamba mimi najua. Nilisimama kando ya meza, kifua changu kikigusa ukingo wake. Nikasoma, herufi kwa herufi, maneno ya kwanza niliyowahi kusoma juu yangu mwenyewe: Anasikia. Aondolewe.