Tulivyoiombea Zebaki

Sijui familia nyingine iliyowahi kuomba mzazi wao akutwe na sumu mwilini. Sisi tuliomba, kaka yangu na mimi, tena kwa sauti, tangu siku mama alipotolewa damu katika hospitali kubwa kule Mwanza.

Mama alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo pale Segese miaka yote ya utoto wetu. Walimletea ikiwa bado imeshikana na zebaki, naye aliichoma jikoni kwenye kaango lililovunjika mpini. Zebaki ikaondoka na moshi, dhahabu ikabaki. Wakati ule hakuna aliyetuambia kwamba moshi ule una madhara; tulikuja kusikia ukubwani. Kwa hiyo mama alipoanza kununua mkaa wakati stoo imejaa magunia, na kuniuliza kama nimekula huku sahani yangu iko mbele yake, kaka alisema, "Ni zebaki tu hiyo. Ikimtoka mwilini, atarudi." Nikaing'ang'ania kauli hiyo.

Majirani hawakutusaidia. Walikuja, mama akawaamkia Kisukuma, mwangaluka, akawauliza habari za ng'ombe, za mvua, za wagonjwa, kila swali mahali pake, nao wakaondoka wakisema huyu ni mzima, watoto wa siku hizi wana haraka. Haraka nilikuwa nayo kweli. Kusubiri sijui. Wakati wa kungoja majibu nilifua nguo safi, nilimpigia kaka simu hadi akaacha kupokea, nilikwenda sokoni Geita nikarudi bila nilichokifuata. Hapo ndipo nilipoogopa vizuri. Kama si zebaki, basi ni ule ugonjwa wenyewe wa kusahau, ambao haumrudishi mtu, na mimi ni damu yake.

Siku ya kufuata majibu, mama aliniita "dada" njia nzima, kama mtu anavyomwita abiria mwenzake, na alinishukuru sana nilipomfungulia chupa ya maji.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye upole ulionikera, alisema zebaki ipo lakini ni kidogo, haiwezi kubebeshwa lawama yote. Kisha akainua picha ya kichwa kwenye mwanga. Sehemu inayotunza kumbukumbu ilikuwa imesinyaa. "Kwa yote niliyoyaona, ni Alzaima," akasema.

"Amebakiza muda gani wa kunijua?"

"Picha haisemi hivyo, mdogo wangu. Nimeona wenye picha mbaya kuliko hii wanaowataja wajukuu wote kwa majina, na wenye picha nzuri waliokwisha kupotea. Hata vile vipimo vipya vya damu vinavyotafuta alama za ugonjwa, ambavyo hapa hatuna, vingekuambia tu kwamba ugonjwa upo. Visingekuambia kesho mama ataamkaje."

Nilitamani kuichana picha yake. Safari yote hii, sindano zote hizi, na hakuna alama hata moja inayoniambia ni lini! Nilimwambia hivyo hivyo, kwa ukali, naye akaniacha niseme hadi niishiwe. Ndipo akaniuliza kama nami nilikulia kwenye jiko lile. Nilikulia hapo hapo. Basi tukupime na wewe hiyo zebaki, akasema, akamwita muuguzi.

Sindano naziogopa tangu utotoni. Nilikunja mkono wa blauzi nikijifanya mkubwa. Mama, aliyekuwa akisokota ncha ya kanga yake muda wote, akainuka, akakivuta kichwa changu tumboni mwake, akanifunika macho kwa kiganja, vile vile alivyokuwa akinifanyia zahanati nikiwa mdogo.

"Usiangalie, mwanangu. Mama nipo hapa."

Nililia kwa sauti. Muuguzi akaniomba radhi, akidhani ameniumiza.

Tulipotoka, mama alitembea kando yangu kwenye korido, amechangamka. Akayatazama macho yangu yaliyovimba, akaniuliza kwa heshima kama nami nina mgonjwa humu ndani.

"Ninaye," nikamjibu. "Mama yangu."

"Pole sana, dada," akasema, akanishika mkono hadi getini.